Mchanga wa Rede

"Zima, mama Nice. Nimesema zima!"

"Sizimi. Anamalizia chupa."

"Kila akijaza chupa ghala langu linashuka. Juzi nilikuwa na ngazi tatu mlangoni. Leo imebaki moja na nusu."

"Makuli wako wamepunguziwa kupanda. Wangekuwa na adabu wangekuja kunishukuru."

Kasmir alikuwa amesimama mlangoni mwa duka la masufuria la Severa, Mtaa wa Narung'ombe, mkononi ameshika pima maji aliyoiazima kwa fundi. Aliinyanyua ili Severa aione. Severa hakuitazama. Alikuwa anamtafutia mteja mfuniko wa sufuria.

"Kipovu kimekimbilia kushoto," Kasmir alisema. "Maana yake nini? Maana yake halishuki tu, linashuka upande."

"Upande gani?"

"Wa Msimbazi."

"Nice!" Severa aliita bila kugeuka. "Baba yako wa ubatizo anasema ghala linalalia Msimbazi. Jaza na upande wa pili, lishuke sawa."

"Haya, mama."

"Samahanini," alisema mteja. "Ugomvi wenu nausikia, ila huu mfuniko unacheza."

Severa alimpa mwingine. Nyuma ya duka Nice alikuwa amekalia sufuria kubwa lililofunikwa, mbele ya televisheni ndogo, na rafiki zake wawili, Sabaha na Zamda, walikuwa wamekaa kila mmoja juu ya sufuria lake. Kwenye kioo msichana aliyeundwa kwa vipande vya mraba aliruka huku na huku akikwepa mpira. Alipopata nafasi aliinama, akachota, akaweka kwenye chupa. Chupa ilipojaa mashine ya gemu ilitoa mlio mfupi, na kwenye tundu lake la kaseti ukamwagika mchanga wa ujazo wa chupa moja, ukaingia kwenye beseni. Zamda alichukua beseni akaenda kulimwaga kwenye gunia.

"Huo ni msingi wangu unaondoka," Kasmir alisema.

"Ni mchanga," Severa alisema. "Msingi ulitakiwa uuweke mwenyewe."

Mashine yenyewe ilikuwa imeletwa na Kasmir. Tangu biashara iwe ruksa alikuwa akiagiza makontena ya mitumba ya kila aina, baiskeli, majokofu, vitanda vya hospitali, na kwenye kontena moja ikaja ile mashine ya gemu, nzee, yenye ubavu uliopakwa rangi ya mbao. Ilikuja na kaseti moja tu, na kaseti hiyo haikuwa na gemu ndani. Ilikuwa na waya mfupi wenye ncha kama ya kuchomeka kwenye redio. Hakupatikana mteja. Nice alipopata kipaimara, Kasmir aliifunga kwa karatasi ya kumetameta akamkabidhi mbele ya padri, na watu wakapiga vigelegele. Kwa muda mrefu baada ya hapo ilitumika kuwekea redio juu yake.

Nice alipomaliza kidato cha nne na kubaki anasubiri matokeo, Severa alimpeleka akajifunze kompyuta ng'ambo ya barabara kwa Urvish. Duka lile lilikuwa na nusu mbili. Nusu ya mbele mama yake Urvish, Bharti, aliuza vitambaa vya harusi. Nusu ya nyuma Urvish alichapa kadi za harusi hizohizo. Siku moja Nice alimpelekea ile kaseti. Urvish aliigeuza, akaifungua kwa kisu cha kukatia karatasi, akachungulia.

"Haina gemu kwa sababu inasubiri kuambiwa," alisema. "Wewe unaandika gemu lako kwenye kompyuta. Kompyuta inalisoma kwa sauti. Hii inasikiliza."

"Inalikumbuka?"

"Mpaka umeme ukatike. Ukikatika, unaanza kuiambia upya."

Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo waliiambia upya mara nyingi. Urvish alivuta waya kutoka kwenye tundu la spika la kompyuta yake, akautoa dirishani, akaupitisha juu ya barabara na juu ya mikokoteni mpaka dukani kwa Severa. Gemu lilipopita kwenye waya lilisikika mtaa mzima, mlio wa kitu kinachokaangwa huku kinapiga filimbi. Watu wa mtaani waliuzoea. Muuza kahawa alikuwa akisema, "Hao wanaingiza," anaendelea kumimina.

Nice aliandika rede kwa sababu ndio mchezo alioujua kuliko yote. Kwenye rede wawili wanasimama huku na kule na mpira wa soksi, wa tatu yupo katikati. Wanampiga, anakwepa, na kati ya kukwepa na kukwepa anajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ndogo sana. Mwarobaini uliokuwa pembeni mwa uwanja haukuenea, akauondoa. Miguu ya watupaji haikuenea, akaiondoa nayo, wakabaki wanaelea. Lakini uwanja wenyewe hakuupunguza. Aliuandika kwa hatua zake za utotoni, kama ulivyokuwa, pamoja na bonde dogo la upande wa choo ambako mpira ulikuwa ukipenda kuserereka.

Uwanja huo ulikuwa nyuma ya mtaa. Mama zao walichezea pale, na wao wakachezea pale, mpaka Kasmir alipopata kibali na kujenga ghala. Alijenga haraka kuwahi mvua. Fundi alimwambia auchimbe mchanga autoe, ajaze kifusi na mawe. Kasmir alijibu kwamba mchanga ule umeshindiliwa na miguu ya watoto miaka yote, hakuna mashine ingeushindilia vizuri zaidi. Akajenga juu yake. Paa alilimwaga zege zito, na nguzo akaziacha na nondo zimechomoza juu, zikisubiri ghorofa.

Wasichana walihamia Jangwani. Mvua zilipokuja Jangwani pakawa bwawa, na Sabaha akarudi kandambili mkononi na tope kiunoni. Severa akapiga marufuku. Walijaribu barabarani, mikokoteni ikawafukuza. Walijaribu uwanja wa kanisa, mlinzi akawafukuza. Baadaye wakaacha kujaribu. Kila jioni walikaa barazani kwa Severa wamepanga magoti, na Severa aliwatazama kila siku na kila siku aliudhika. Alitaka kitu kimoja tu, watoto wa kike wa mtaa ule wapate mahali pa kuchezea rede. Alikwenda kwa mjumbe, akaenda ofisini, akaambiwa arudi. Akarudi, akaambiwa arudi.

Siku Nice alipoingiza gemu kwa mara ya kwanza na kujaza chupa ya kwanza, mchanga ukamwagika sakafuni.

"Wekeni beseni," Severa alisema. "Mnanichafulia duka."

Kwenye mchanga ule mlikuwa na vifuniko vya soda, gololi mbili, mkono wa mwanasesere, na hereni ya Zamda aliyoipoteza alipokuwa darasa la tatu. Zamda aliiosha akaivaa. Sabaha alitoka akaenda kulitazama ghala, akarudi.

"Limeshuka kidole," alisema. "Huo ni uwanja wetu. Unatoka."

Basi wakaendelea kuutoa. Mafundi wa ujenzi walisikia habari wakaja kuulizia, maana mchanga ulikuwa safi na hauna chumvi. Severa aliwarudisha wote.

"Unauweka wa nini, mama?" mmoja alimuuliza. "Huna pa kuupeleka."

"Pakipatikana nitaupeleka."

Aliujaza kwenye magunia akayapanga kwenye ujia wa nyuma, yakafika madirishani. Ili uende chooni ilibidi upite kiubavu.

Baada ya ugomvi wa pima maji, Kasmir alimleta afisa wa viwanja, Bwana Gaudens, mtu mpole mwenye futi ya kamba. Bwana Gaudens alipima ghala. Alifungua gunia akasugua mchanga kwa vidole. Aliomba naye acheze, akapigwa na mpira papo hapo, akarudisha kidude cha kuchezea kwa Nice.

"Mchanga huu ni wa uwanja wa watoto," alisema. "Na kwenye ramani uwanja upo."

"Kwa hiyo ghala halitakiwi kuwepo," Severa alisema.

"Ghala lina kibali."

"Juu ya uwanja?"

"Juu ya uwanja. Vyote viwili vipo, mama. Uwanja upo na ghala lipo."

"Na huku kushuka?" Kasmir aliuliza.

"Kibali hakisemi ghala likae juu kiasi gani." Bwana Gaudens alikunja futi yake. Alikunywa soda kwa Severa, akapewa katoni ya biskuti kwa Kasmir, akawaaga wote wawili kwa heshima sawa.

Krismasi ilipokaribia, Kasmir alifunga ghala ili aende nyumbani Kilimanjaro, kama Wachaga wote wa mtaa ule. Gari lake lilijaa mchele, mafuta ya kula, mablanketi, na koti jipya la baba yake. Alipokwisha kufunga mizigo alichukua ngazi, akaufungua ule waya kwenye nguzo ya Severa, akavuka akaufungua dirishani kwa Urvish, akauviringisha begani. Aliamini gemu liko ndani ya waya. Mashine aliileta mwenyewe lakini hakuwahi kuuliza inavyofanya kazi.

"Naondoka nao," alisema. "Nitaurudisha Januari, tuzungumze kama ndugu."

Severa mwaka ule hakusafiri. Mzigo wake wa masufuria ulikuwa umechelewa kutoka bandarini.

"Msalimie mama yangu," alisema. "Mwambie nakuja Pasaka."

"Nitamsalimia."

Gari lilipokata kona ya Msimbazi, Severa alivuka barabara akanunua waya mwingine, mrefu zaidi na mnene zaidi. Duka la waya lilikuwa la tatu kutoka kwa Urvish. Kariakoo waya haukosekani.

Siku zile Kariakoo ilikuwa nusu. Milango ya Wachaga ilifungwa, barabara ikawa pana, na hata mgao wa umeme uliwasahau. Urvish na mama yake hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo kompyuta ilikuwa wazi tangu asubuhi. Bharti alileta sahani ya chevda ya kutafuna na akakaa kutazama. Baada ya kutazama sana aliomba kidude, akajaza chupa mbili bila kuguswa, kisha akasema kwamba na yeye alichezea pale alipokuwa msichana, akiwa amevaa gauni la shule, na mama yake hakujua.

Ghala lilishuka taratibu bila kelele, kama kuku anayejiweka sawa juu ya mayai. Ngazi zilikwenda, kisha mlango, kisha ubao wenye jina la Kasmir. Tarsis, mlinzi, kila asubuhi alikisogeza kiti chake mpaka mahali palipofaa, na mwishowe akawa anakaa juu ya paa. Zamda alimuuliza kama bosi hatakasirika.

"Mimi nimeajiriwa nilinde ghala," Tarsis alisema. "Lipo. Sijaibiwa kitu."

Magunia ya Severa yalijaa ujia wote, yakaingia jikoni. Akapika kwa kusimama pembeni.

Kasmir alirudi baada ya mwaka mpya na mkungu wa ndizi kutoka kwa mama yake Severa. Aliushusha garini, akauweka begani, akaenda kutazama mali yake. Paa lilikuwa sawa na ardhi, bapa kama meza. Aliweka pima maji katikati, na kipovu kikakaa katikati. Nondo zilikuwa zimesimama kwenye pembe zake. Alifungua mfuniko wa tundu la paa, akashuka kwa ngazi ya mbao, akapekua kila katoni. Hakuna kilicholowa. Biskuti zilikuwa nzima, na chini kule kulikuwa na ubaridi mzuri kuliko zamani. Alipanda akamkuta Severa amekuja na wasichana, na ugomvi ukaendelea pale ulipoachwa, mkungu wa ndizi ukiwa kati yao.

"Ulinunua waya!"

"Nilinunua. Mama mzima?"

"Mzima, anakusalimu. Mama Nice, ghala langu mmelizika!"

"Hujafiwa. Limekaa chini tu."

Kasmir alimgeukia Nice. "Nice. Mimi ni nani yako?"

"Baba wa ubatizo. Shikamoo baba."

"Marahaba. Sasa nisikilize mwanangu, wewe una akili kutuzidi sote hapa. Unaweza kuandika mchezo mwingine, msichana awe anamwaga chupa badala ya kujaza? Mchanga urudi chini?"

Nice alifikiri. Hakuwa mwongo.

"Naweza. Nabadilisha namba moja tu."

"Umesikia?" Kasmir alimwambia Severa. "Namba moja! Ghala likirudi juu, nitawaachia wasichana kile kipande cha nyuma, pale penye choo. Wacheze mpaka wachoke. Naapa mbele ya mkungu wa mama yako."

"Kile kipande ni hatua ngapi?" Severa aliuliza.

"Nne," alisema Nice.

"Rede ya hatua nne," alisema Sabaha, "unampa mwenzio mpira mkononi."

"Ni bora kuliko kukaa barazani!" Kasmir alisema, na hapo alisema kweli. Wasichana walimtazama Severa, kwa sababu wote walijua kwamba jikoni hapakuwa na nafasi ya gunia jingine, na kwamba Nice angeitwa shuleni matokeo yakitoka, na kompyuta na waya visingekuwa na wa kuvitumia. Uwanja mzima ulikuwa kwenye magunia na haukuwa na pa kukaa.

Severa alipanda juu ya paa. Haikuwa kupanda, alivuka tu. Alitembea kutoka nondo mpaka nondo akihesabu kimoyomoyo, akapiga kisigino katikati.

"Zege zuri," alisema.

"Eh! Hilo nilisimamia mwenyewe," Kasmir alisema. "Usiku sikulala."

"Linabeba?"

"Mama Nice, unaniuliza mimi linabeba? Hilo ni la ghorofa mbili! Lete hata lori uliegeshe."

"Litabeba mchanga?"

"Litabeba mchanga, litabeba kokoto, litabeba..."

"Nice, usibadilishe namba," Severa alisema. "Sabaha, kimbia ukaite makuli wote wa mkokoteni walio kijiweni. Zamda, mabeleshi yapo nyuma ya pipa. Twendeni."

Hawakungoja. Makuli waliutoa mchanga jikoni, wakautoa kwenye ujia, wakaumwaga juu ya paa, na wanawake wa mtaa waliutandaza kwa mafagio na kwa miguu. Bharti alivua ndala akaukanyaga kwanza, kabla ya watoto. Urvish alisimama pembeni na karatasi yenye hatua za Nice, akielekeza bonde dogo liwe wapi. Severa mwenyewe alizunguka na makopo matupu ya maziwa akizivisha nondo vichwani, moja baada ya nyingine, mtoto asije akajitoboa jicho.

"Hii ni mali yangu!" Kasmir alikuwa akisema, akimfuata kutoka nondo hadi nondo. "Kibali ninacho! Kimegongwa muhuri!"

"Unacho. Kitunze. Ghala lako lipo chini na uwanja upo juu. Bwana Gaudens alisema vyote viwili vipo."

"Na mimi nitaingiaje?"

"Kwa ngazi. Si umeshuka sasa hivi? Tarsis, msogezee bosi wako mfuniko."

Tarsis alisogeza mfuniko. Mteja wa jumla kutoka Songea alikuwa amefika na anataka biskuti, kwa hiyo Kasmir hakuwa na muda wa kuendelea. Aliwatazama wote mmoja mmoja, akavunja ndizi moja kwenye mkungu, akashuka nayo. Sauti yake ilisikika ikitaja bei kwa furaha ileile ya siku zote.

Sabaha alisimama upande wa Msimbazi, Zamda upande wa pili, hereni yake sikioni. Nice akaingia katikati na chupa. Hakuwa amekimbia kwenye mchanga kwa miaka, na mpira wa kwanza ulimkosa sikio kidogo tu, wanawake wakapiga kelele.

"Mama Nice!" Kasmir aliita kutoka chini. "Unanisikia? Nikipata saruji napandisha ghorofa hapo!"

Severa alipiga goti kwenye tundu la paa, akachungulia. Kasmir alikuwa amesimama kati ya katoni zake, ameinua uso, ndizi mkononi.

"Pandisha," alimwambia. "Waya upo."

Kisha akausogeza mfuniko, akaacha uwazi wa hewa, ili mchanga usidondokee kwenye biskuti. Alipoinuka, Nice alikuwa amefika nusu ya chupa.